Msitu wa Fahamu

Mwili wa binadamu una watumishi wengi, lakini yule achukuaye habari kutoka ncha ya kidole mpaka ubongoni, kisha akarejea na amri, alikaa gizani kwa karne nyingi. Wataalamu walijua kuwa ubongo na uti wa mgongo ndio makao makuu ya fahamu, na neva ndizo njia ziendazo mwilini. Namna njia hizo zilivyojengwa hawakuijua. Chini ya hadubini ubongo ulionekana kama msitu mnene: matawi yalisongamana hata mti mmoja haukubainika na mwenziwe.

Mwaka 1873 Camillo Golgi, tabibu wa Italia, alitangaza njia mpya ya kutia rangi. Kipande cha ubongo kililoweshwa katika daikromati ya potasiamu, kisha katika naitreti ya fedha. Seli chache zilisimama nyeusi, shina na matawi. Zilizosalia hazikupata rangi. Upungufu huo ndio uliokuwa neema yake, kwani kama zote zingalipakwa, giza lingalibaki giza.

Golgi aliyatazama matawi akaamini kuwa yameungana kama wavu mmoja. Mhispania Santiago Ramón y Cajal alionyeshwa njia hiyo mjini Madrid mwaka 1887. Aliitia dawa mara mbili, akachagua ubongo wa ndege na wa wanyama wachanga, ambamo nyuzi hazijavikwa ala ya mafuta. Mwaka 1888 alitangaza kuwa kila seli ina mpaka wake, na seli hukaribiana pasipo kuungana. Baadaye alieleza kuwa dendriti hupokea habari, na aksoni huipeleka mbele. Mwaka 1891 Waldeyer aliipa seli hiyo jina la nyuroni.

Mwaka 1906 Golgi na Cajal waligawana Tuzo ya Nobel. Katika hotuba yake Golgi aliipinga nadharia ya nyuroni waziwazi. Aliyewasha taa alikataa kuona kilichomulikwa.

Lakini asihukumu mtu kwa haraka. Baina ya nyuroni zimo seli nyingine, ziitwazo glia, zilizodhaniwa zamani kuwa gundi tu. Astrositi husaidia kuzilisha nyuroni. Mwaka 1919 Pío del Río-Hortega alibainisha mikroglia, walinzi walao mabaki na wadudu waharibifu. Mwaka 1921 akaeleza oligodendroglia, zivikazo aksoni ala ya mafuta ili habari ipite upesi. Cajal, ambaye sasa alikuwa mzee mwenye heshima kuu, alisita kuzikubali hizi za pili, maana dawa zake mwenyewe hazikumwonyesha vema.

Katika miaka ya 1950 hadubini ya elektroni ilidhihirisha ufa baina ya nyuroni na nyuroni, na neno la Cajal likathibiti. Hata hivyo ilionekana baadaye kuwa nyuroni kadha zina vijia vyembamba vipitishavyo umeme moja kwa moja. Golgi naye hakukosa kila kitu. Ubongo wa mtu mzima una nyuroni zipatazo bilioni 86, na glia karibu idadi hiyo. Kila mmoja wa wataalamu hao aliona yale ambayo dawa yake ilikubali kuyapaka rangi. Mwanafunzi ashikaye hadubini leo na aulize kwanza ni nini kilichobaki bila rangi.