Kuna Toni?

Mteja alinirudishia makala na sentensi moja tu: hatua ya tano haifanyi kazi.

Hakukosea. Nilikuwa nimemwandikia mwongozo wa kuunganisha kompyuta ya zamani na seva ya nyumbani kwa njia ya simu, modemu kwa modemu, na sikuwa nimewahi kushika modemu hata siku moja. Nilizaliwa watu wakianza kuzitupa. Nilifanya kile sisi tunaolipwa kwa idadi ya maneno hufanya: nikasoma hapa na pale, nikapanga upya, nikaongeza ujasiri. Wasomaji wa mteja huyu ni watu wa ng'ambo wanaofufua mashine za miaka ya 90, na watu wa aina hiyo hawadanganyiki. Dola 80 zilikuwa zimening'inia hapo. Kodi ya keja yangu Kahawa West ilikuwa imepita tarehe, na keateka alishaanza ile tabia yake ya kufagia mbele ya mlango wangu peke yake.

Basi ikabidi nifanye kitu chenyewe. Seva nilikuwa nayo: laptop yangu ya chuo iliyopasuka kioo, nimeiwekea Debian, inakaa juu ya kabati ikitunza mafaili yangu na filamu za jirani. ThinkPad ya kupigia, yenye Windows XP na modemu yake ndani, niliitoa Luthuli Avenue kwa fundi aliyeniuliza mara mbili kama nina uhakika. Hapo hapo nikachukua adapta ya simu za intaneti, kiboksi chenye matundu mawili ya simu, kwa sababu siku hizi nani ana laini ya mezani? Kwenye seva nikaweka Asterisk, programu inayofanya kazi ya mtambo wa kuunganisha simu. Tundu la kwanza likawa namba 201, la pili 202. Yaani kampuni nzima ya simu, wateja wawili, wote juu ya kitanda kimoja.

Ilibaki modemu ya upande wa seva. Na nilijua iko wapi. Iko Nakuru, kwenye sanduku la bati chini ya kitanda cha mzee.

Baba alikuwa fundi wa simu. Alianza na kupanda nguzo, akamalizia kwenye kituo cha setilaiti cha Longonot, kule karibu na Naivasha, ambako simu za ng'ambo zilikuwa zinarushwa angani. Mimi na yeye tulikuwa hatujaongea karibu miaka miwili. Niliacha uhandisi wa umeme mwaka wa tatu, na hilo nafikiri angelimeza. Ambalo hakulimeza ni kwamba kuna muhula mzima nilipokea karo, siendi darasani, na sisemi. Alikuja kujua siku alipopita chuoni kunisalimia akaambiwa hakuna mtu wa jina hilo kwenye orodha.

Tangu hapo Mama ndiye alikuwa laini. "Baba yako anauliza kama una blanketi." "Mwambie ninayo." Ukimpa Mama neno lilifika upande wa pili limeshapunguzwa makali, na jibu lilirudi vivyo hivyo, mpaka hujui nani alisema nini.

Nilimwomba modemu. Ikafika kesho yake kwa matatu, imefungwa ndani ya sweta: US Robotics Sportster, na kebo yake, na transfoma. Barua hakuna. Lakini kwenye transfoma kulikuwa na plasta iliyoandikwa kwa herufi kubwa: HII TU. USITUMIE NYINGINE.

Modemu huongea lugha fupi. Unaiandikia AT, inajibu OK. Unaandika ATDT202, yaani piga 202. ThinkPad ikajibu NO DIALTONE. Nikabadilisha matundu. Nikaongeza X3, amri ya kuiambia isingoje toni, ipige tu. Ikapiga hewani, ikangoja, ikaandika NO CARRIER. Nikazima na kuwasha kila kitu, ambayo ndiyo digrii niliyobaki nayo.

Saa tatu usiku nikampigia Mama kumwambia mzigo ulifika salama, ila modemu imegoma. Nyuma yake nikasikia: "Muulize kama kuna toni."

"Anauliza kama kuna toni."

"Mwambie modemu inasema hakuna."

"Anasema modemu inasema hakuna."

Kimya. Halafu simu ikabadilisha mkono.

"Sijauliza modemu. Nimekuuliza wewe. Chomeka simu ya kawaida hapo, weka kwa sikio."

Nilienda kuazima kwa duka la dawa la chini, ile simu yao ya mezani inayokaa kaunta kama pambo. Nikaichomeka kwa kebo niliyonunua: kimya, kama jiwe. Nikaichomeka kwa kebo yake yenyewe: toni. Laini ya simu inataka waya mbili, zile za katikati. Kebo yangu ilikuwa imefungwa kwenye zile za pembeni. Siku mbili zangu zilikuwa zimeenda na kebo ya shilingi hamsini.

Tatizo la pili nililitatua mwenyewe, na nitajisifu kidogo. Simu ilikuwa inalia, taa ya Sportster inawaka kila mlio, lakini hakuna anayepokea. Kwenye seva kupokea ni kazi ya programu inayoitwa mgetty. Inakaa mlangoni, ikisikia RING inaiambia modemu ipokee, wakishaunganika inauliza jina la mtumiaji. Nikasoma logi yake mistari kwa mistari, nikaona inapata majibu ya maswali ambayo haikuuliza. Kumbe ModemManager, programu ya zile modemu ndogo za data, ilikuwa imeona kebo ya USB ikadhani ni ya kwake, ikawa inaigonga kuuliza wewe ni nani. Watu wawili kwenye mlango mmoja. Nikaizima. Simu iliyofuata ikapokelewa, na chumba kikajaa ile sauti. Jirani akagonga ukuta.

Sauti ilidumu kama sekunde ishirini. NO CARRIER. Tena. NO CARRIER. Nilipiga labda mara thelathini usiku huo. Kila mara zinasalimiana, zinaanza kuelewana, halafu kama mtu amekata waya kwa makasi.

Alhamisi asubuhi nikampigia mzee. Yeye, si Mama. Sikusema mengi, nikaiweka simu karibu na spika ya modemu.

"Sisikii kitu," akasema. "Hiyo simu yako inakula."

Alikuwa sawa. Laini ya mezani ikigeuzwa dijitali husafirisha sauti kwa biti 64,000 kila sekunde. Simu ya mkononi hubana hadi 13,000 hivi, na inaweza kwa sababu haibebi sauti yenyewe. Inabeba maelezo ya jinsi koo la mtu lilivyoitoa. Modemu haina koo. Kinachofika upande wa pili ni takataka.

"Nakuja Jumamosi," akasema, akakata.

Alikuja na mkoba mmoja. Aliangalia chumba mara moja, kutoka jiko hadi dirisha, na sikuona uso wake ukisema chochote. Akakataa chai. Akaketi kwenye ndoo niliyoigeuza, akatoa kwenye mkoba ile simu ya mafundi ya kupimia laini, yenye waya mbili na vibanio, akabana kwenye laini ya 202.

"Piga."

Nikapiga. Alifunga macho. Sijui kama umewahi kumwona mtu akisikiliza kitu anachokijua. Mimi nasikia kelele. Yeye alikuwa akihesabu kwa kidole kwenye goti.

"Sikia hiyo ya kwanza. Inalia moja kwa moja, lakini kila baada ya nusu sekunde hivi inageuka. Umeiskia? Hiyo haiongei na modemu mwenzake. Inaongea na laini."

Akanieleza, na hapa nilisahau kabisa kuhusu dola 80. Setilaiti inakaa karibu kilomita 36,000 juu. Ukisema "halo" kutoka Longonot, neno linapanda, linashuka, na kipande chake kinarudi kwako baada ya kama nusu sekunde. Watu walikuwa wanachanganyikiwa, wanakatizana, wengine wanakasirika bure. Kwa hivyo katikati ya laini huwekwa kifaa cha kufuta mwangwi. Mwanadamu anakihitaji. Modemu haikitaki, kwa sababu inafuta mwangwi wake yenyewe, na kile cha katikati kikiingilia kinafuta na maneno. Ndiyo maana modemu inayopokea hulia kwanza mlio wa hezi 2,100, unaogeuka kila milisekunde 450. Maana yake kwa kila kifaa kilicho katikati ni moja: kaa kando, tutaongea wenyewe.

"Sasa hapa kuna mtu anaambiwa akae kando na hakai," mzee akasema. "Piga tena."

Nikapiga. Na katikati ya kelele, macho yamefungwa, akauliza: "Ile karo ulifanyia nini?"

Nilifungua mdomo. Zile modemu zilikuwa zimefika pale pa kukwaruza, huwezi kusikia hata mawazo yako. Modemu ya ThinkPad nilikuwa nimeipa sekunde sitini kabla ya kukata tamaa. Hiyo ni S7, namba unaiweka mwenyewe. Nilizihesabu zote. NO CARRIER. Chumba kikanyamaza.

"Kodi," nikasema. "Miezi miwili. Zingine nilikula tu."

"Ulikula."

"Ndiyo."

"Ukiwa na njaa ama bila njaa?"

"Mwanzo nikiwa na njaa. Baadaye bila."

Akatoa vile vibanio, akavipangusa kwa shati, akavibana upande wa 201. "Fungua hiyo adapta yako. Nataka kuona imewekwa nini."

Imewekwa kila kitu kibaya. Kufuta mwangwi: imewashwa. Kuacha kutuma kukiwa na kimya: imewashwa, na modemu zikisalimiana huwa zinanyamaza makusudi. Kodeki ya kwanza ilikuwa ya kubana sauti, nikaweka G.711, ile ya biti 64,000. Adapta ilikuwa imefungwa kwa kebo kwenye ruta, lakini seva ilikuwa inapita kwa Wi-Fi, na Wi-Fi haiheshimu wakati, pakiti moja inachelewa, nyingine inapotea. Nikaishusha seva kutoka kabatini, nikaifunga kwa kebo pia.

"Na spidi umeiambia ngapi?"

"Hamsini na sita."

Alicheka. Kicheko kifupi cha puani, lakini nilikisikia. Modemu mbili za kawaida zikiongea haziwezi kufika 56,000. Hiyo inataka upande mmoja uwe umeunganishwa kidijitali moja kwa moja. Mwisho wao ni 33,600, tena kwa laini safi. Hatua ya tano ya makala yangu ilisema: chagua 56,000. Nilikuwa nimeiandika bila hata kukohoa.

Kwenye mipangilio ya mgetty nikaiandikia Sportster AT&N6, yaani 9,600 na si zaidi. Nikapiga. Mlio ukalia, ukageuka, ukageuka. Mkwaruzo. Nikangoja makasi. Halafu spika ikajizima yenyewe, na kwa nusu dakika nilidhani ni ile ile, mpaka nikaangalia kioo.

CONNECT 9600.

Chini yake, herufi zikiteremka pole pole kiasi cha kuzisoma zikija, jina la seva yangu na neno login.

"Inataka nini?" mzee akauliza. Alikuwa ameshasogeza ndoo mpaka kwenye ThinkPad.

"Jina lako."

Akaandika kwa kidole kimoja, kwa herufi kubwa, kama anajaza fomu. Sasa mgetty ina umri wake. Ikiona jina lote ni herufi kubwa inadhani mgeni anatumia mashine ya kale isiyo na herufi ndogo, na inamwomba, kwa adabu kabisa, kama anazo azitumie. Mzee aliisoma yote, mdomo ukitembea.

"Kwani imejua aje mimi ni wa zamani?" akasema. Halafu: "Hii akaunti yangu ilifunguliwa lini?"

"Jumatano."

Alinyamaza kidogo. Simu ya kuja aliniambia Alhamisi.

"Caps Lock ni gani hapa?" akauliza, na nikamwonyesha.