Mim Iliyosimama Peke Yake

Kazi ya kusanifu picha niliianza kwa kunakili. Ikikaribia Ramadhani nachota kwenye intaneti kuba la dhahabu, ngamia na mchanga wa jangwani, natia jina la msikiti, nalipwa. Unguja hii ya minazi na bahari sikuiona kabisa.

Siku moja nikapeleka bango la Maulidi. Maalim wa madrasa akalitazama kimya, kisha akaniita: "Mwanangu, hebu nisomee hapa." Ilikuwa Bismillahi nzima, hadi Rahim. Programu yangu haikuwa imewekwa kuandika Kiarabu, ikazipanga herufi kuanzia kushoto, moja moja, bila kushikana. Ukisoma kutoka kulia unaanza na mim ya mwisho, imesimama peke yake. Mimi niliyehitimu Msahafu utotoni nimeliandika jina la Mola wangu nisilisome! Nililia mbele yake.

Hakunikaripia. Alinipa kalamu ya mwanzi, akanianzisha khati, sanaa ya kuandika herufi za Kiarabu. Alifu haikisiwi: unakandamiza ncha ya kalamu, inatoka nukta mfano wa kipande cha kashata, na kwa nukta hizo unapima urefu wake. Kipimo hiki kinanasibishwa na Ibn Muqla, waziri wa Baghdad aliyefariki mwaka 940. Wiki tatu nilipiga nukta tu, na mkono ukajifunza subira ambayo kompyuta haikunidai.

Nikaenda na Kizimkazi, kwenye msikiti ambao kibla chake kina maandishi ya Kufi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Herufi zinachipua majani kwenye ncha zake. Miaka yote hiyo nilikuwa natafuta mapambo mbali!

Lakini kilichonigeuza hasa ni karanga. Nilizinunua sokoni Darajani, nikafungua karatasi, nikakuta ni kipeperushi changu cha futari, jina la Allah limejaa chumvi. Karatasi nyingine kama hiyo zilikuwa chini, zimekanyagwa. Niliziokota zote nilizoziona, nikazichoma nyumbani.

Tangu hapo aya siiweki kwenye karatasi ya kutupwa, hata mteja aongeze malipo. Juzi mmoja aliniuliza mbona kipeperushi chake kitupu. Nikamwonyesha ukingo wa maua niliouchora kwa kuutazama mlango wa nyumba ya jirani, nikamwambia aya nimeiweka kwenye bango la ukutani, juu, mkono usipofika.