Baiskeli na Miguu ya Mtoto

Mwaka jana nilifuatana na dada yangu, aishiye Utrecht, Uholanzi, kumnunulia binti yake wa miaka 9 baiskeli. Alitaka ile ya asili ya Kiholanzi: ya chuma, usukani uliopinda ili mwendeshaji akae wima, cheni iliyofunikwa isichafue nguo, na breki ya kukanyaga pedali nyuma. Hapo sikuwa na ubishi. Akaaye wima huona mbali, na breki ya mguu haitegemei vidole vidogo.

Ubishi ulizuka juu ya kimo. Dada alishika ya inchi 26. “Mdogo wangu, mtoto anakua,” alisema, kana kwamba ananunua sare ya shule. Lakini, wazazi wenzangu, sare kubwa haimwangushi mtu barabarani! Baiskeli hizi ni nzito, na mtoto asimamapo hana budi kutua mguu chini upesi. Nikaomba kiti kishushwe hadi mwisho. Binti akapanda, vidole vya miguu vikapapasa hewa.

“Nitazoea, mama,” alisema, akiutazama mkoba wa mamaye.

Tukachukua ya inchi 24, iliyokwisha kutumika, taa na kengele zikiwa nzima. Fedha iliyobaki ilinunua kufuli imara, maana wezi wa baiskeli wa Uholanzi hawana likizo.