Battle Mountain, mji wa kungojea upepo ulale

Haya wapenzi wa safari, leo tuachane na fukwe na mahoteli. Twendeni Nevada, Marekani, kwenye kamji kanakoitwa Battle Mountain, yapata kilomita 350 mashariki ya Reno ukifuata barabara kuu namba 80. Wakazi ni elfu tatu na ushee. Kuna migodi ya dhahabu, reli, kasino za kubahatisha, na vichaka vya rangi ya majivu mpaka macho yachoke. Mwaka 2001 Gene Weingarten wa gazeti la Washington Post alikapaka matope kweli kweli: alikaita kwapa la Marekani! Wenyewe hawakununa. Walikuja kuandaa tamasha la kwapa, na kampuni ya dawa ya kuzuia jasho ikatia udhamini. Watu wa namna hiyo mimi nawapenda.

Lakini hatukufuata makwapa. Tumefuata barabara namba 305, inayotoka mjini kuelekea kusini. Imenyooka kama rula, lami laini, iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari ambako hewa ni nyepesi. Tangu mwaka 2000 hapa ndipo wanapokutana wendawazimu wa kasi wanaotumia miguu tu. Injini hakuna, betri ya kusukuma hakuna. Ni mtu, pedali na mapafu yake.

Ukisikia baiskeli usifikirie Phoenix ya mjomba. Hizi zinafanana na samaki aliyeviringishwa kwenye ganda la kaboni. Dereva analala chali humo ndani, miguu mbele, kisha wenzake wanafunika juu na kuziba viungo vyote kwa utepe wa gundi. Kutoka mwenyewe hawezi. Mguu wa kukanyaga chini hana, kwa hiyo lazima ashikwe na kusukumwa wakati wa kuanza, na adakwe mwisho wa safari, la sivyo anaanguka pu! kama gunia. Nyingine hazina hata kioo. Dereva anaangalia barabara kwenye skrini ndogo inayoletewa picha na kamera. Wenye roho ndogo mkae pembeni.

Kwa nini wajifungie hivyo? Mshikaji, adui wa baiskeli ni hewa. Ukiongeza kasi mara mbili, nguvu ya kuipasua hewa inapanda mara nane. Ndiyo maana aliyezibwa vizuri anaweza kumwacha bingwa mwenye mapaja mazito aliyekaa wima. Wafaransa walilijua hilo zamani. Mwaka 1933 Francis Faure, ambaye hakuwa nyota wa kutisha, alipanda baiskeli ya kulalia ya Charles Mochet akavunja rekodi ya saa moja kwa kupiga kilomita 45.055. Wakubwa wa mchezo wakakasirika, na mwaka 1934 wakapiga marufuku mambo ya kulala. Hasira hizo ndizo zilizotuletea vituko vya leo, maana waliofungiwa mlango walijenga nyumba yao.

Sasa njoo kwenye kasheshe yenyewe: upepo. Dereva anajikusanyia kasi kwa kilomita nane, halafu anapimwa kwenye mita 200 za mwisho. Mkanada Todd Reichert, ndani ya chombo kinachoitwa Eta, alipita hapo Septemba 2016 kwa kilomita 144.17 kwa saa. Mita 200 kwa sekunde tano! Lakini ili rekodi ikubalike, kipima upepo lazima kisome si zaidi ya mita 1.67 kwa sekunde. Hiyo ni nini? Ni upepo ambao uso wako ndiyo kwanza unaanza kuuhisi. Ukishasema "ah, kaupepo katamu," mambo yameharibika.

Na usidhani upepo wa nyuma ni wa kuombea. Huo utakupa kasi ya kusimulia kijiweni, vitabuni hauingii. Wa ubavuni ndio balaa kabisa. Chombo kina uzito wa mzigo mmoja wa sokoni tu, kina matairi mawili membamba, na lile ganda linageuka tanga. Baharini tanga ni mali. Kwenye lami, kwa kilomita 120 kwa saa, linaweza kukutupa vichakani.

Basi siku ya upepo Battle Mountain ni siku ya kutazama juu. Mbio hupigwa asubuhi na jioni, kwa sababu mchana jua likipasha lile bonde joto, upepo unaamka na hasira. Barabara ni ya watu wote, serikali inaifunga kwa muda mfupi tu, halafu malori yanataka njia. Kwa hiyo vyombo hutoka kwa zamu, kimoja baada ya kingine, na saa haimngojei mtu. Wapo wanafunzi wa vyuo waliotoka Ulaya na chombo kwenye sanduku, mwaka mzima wa kukesha karakana, na wiki yao ni moja tu. Upepo ukila jioni tatu, zinabaki ngapi?

Utawaona wamekaa kando ya lami. Mmoja ananyunyiza vumbi aone linakwenda wapi. Mwingine anatazama kitambaa kilichofungwa kwenye mti wa alama. Dereva haongei; anajua wa kuamua ni yeye. Kufungwa utepe kisha ukasubiri humo ndani kama mkate kwenye tanuri, au kuacha zamu yako na kuiombea kesho?

Jua likikaribia milima ya magharibi, mara nyingi bonde linatulia ghafla. Wanaofika wa mwisho kwenye zamu hapo hucheka, wa kwanza wakauma meno. Chombo kinapita, vuuu, umekwishakosa kama ulipepesa jicho. Redio ya upepo inakoroma. Kasi inasomwa kwanza, watu wanarukaruka. Kisha wananyamaza wote, maana namba ya pili ndiyo bado: upepo ulikuwa ngapi?