Taa Inayowaka Wakati Mambo Bado ni Mazuri

Kila mwaka huwauliza wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza swali moja: taa ya tahadhari inapaswa kuwaka lini? Wengi hujibu kwamba iwake pale kitu kinapoharibika. Jibu hilo lina mantiki yake, na wanaolitoa si wavivu wa kufikiri. Hata hivyo, naamini ndilo linalozigharimu taasisi zetu kuliko jibu lingine lolote. Jibu lililo bora nilifundishwa na mzee mmoja aliyekuwa akijenga ndege katika gereji ya nyumba yake.

Nilikuwa masomoni katika jimbo la Wisconsin, Marekani. Jimbo hilo ni makao ya watu wanaojijengea ndege. Chama chao kikuu, EAA, kilianzishwa mjini Milwaukee mwaka 1953, na kila mwaka mwezi Julai maelfu yao hukusanyika Oshkosh. Sheria ya nchi ile inawatambua. Mtu anaweza kusajili ndege katika fungu la majaribio iwapo sehemu kubwa ya kazi ya ujenzi imefanywa na watu walioifanya kwa ajili ya elimu yao au burudani yao. Mwenyeji wangu, mwalimu mstaafu wa sekondari, alikuwa na miaka kadhaa katika elimu hiyo ndege ya viti 2 ilipofikia hatua ya kufungwa nyaya. Mimi nilikuwa mshika tochi wake.

Umeme wa ndege ndogo hautofautiani sana na ule wa gari. Kuna altaneta inayozungushwa na injini, na kuna betri. Safari inapoendelea vizuri, altaneta ndiyo inayolisha kila kifaa na kuijaza betri. Kipimo cha umeme husoma kati ya volti 13.8 na 14.5 hivi. Betri ya risasi iliyojaa na kupumzika husoma volti 12.6 au zaidi kidogo, na ikibebeshwa mzigo hushuka chini ya hapo. Altaneta ikifa angani, hakuna kinachozimika. Redio inazungumza, taa zinawaka, vioo vya vipimo vinang'aa kama kawaida. Tofauti ni kwamba ndege imeacha kuzalisha na imeanza kula akiba. Dakika ya mwisho ya akiba hiyo itafika ghafla, na kwa kawaida itafika mahali pabaya.

Nilidhani taa ya tahadhari ingewekwa iwake kwenye volti 11, pale betri inapokaribia kuisha. Mzee aliiweka kwenye volti 13. Alikuwa akifuata mafundisho ya Bob Nuckolls, mhandisi wa Wichita, Kansas, aliyewaandikia wajenzi wa ndege za nyumbani kitabu kiitwacho The AeroElectric Connection. Sababu ya namba hiyo ni nyepesi kuielewa. Altaneta iliyo nzima, injini ikiwa katika mwendo wa safari, haiachi umeme ushuke chini ya 13. Betri iliyoachwa peke yake na mzigo haiwezi kuubeba umeme hadi 13. Kwa hiyo 13 ni mpaka kati ya hali mbili: hali ya kuzalisha na hali ya kutumia akiba. Taa iliyowekwa hapo haisemi kwamba umeme umeisha. Inasema kwamba chanzo chake kimekauka, na inalisema hilo wakati akiba ingali imejaa na uamuzi bado ni wako.

Kulikuwa na mambo mengine mawili katika taa ile ambayo niliyaelewa baadaye. La kwanza, haikuwa mita. Mita ya umeme ilikuwepo pia, lakini mita husubiri kutazamwa, na rubani mwenye shughuli nyingi anaweza kukaa saa nzima bila kuitazama. Taa ilikuwa ya manjano, ilimetameta, na ilifungwa mbele kabisa ya macho ya rubani. La pili, iliwaka kila asubuhi. Rubani anapofungua swichi kuu kabla ya kuwasha injini, ndege inatumia betri peke yake, kwa hiyo taa lazima imetemete. Injini ikiwaka na altaneta ikishika kazi, inazimika. Kila safari ilianza kwa kuthibitisha kwamba mtoa onyo yu hai. Siku ambayo taa isingewaka asubuhi, hiyo ndiyo ingekuwa siku ya kutoruka.

Majira ya kiangazi yaliyofuata alinialika kiti cha pili. Tulikuwa na dakika kama 40 kabla ya kufika nyumbani, anga ni nyeupe, taa ilipoanza kumetameta. Nilitazama vifaa vyote mbele yetu, nikaona vyote vinafanya kazi, na nikamwambia hivyo. Hakunijibu. Injini yake ilitoa cheche kwa mfumo wa kielektroniki, bila magineto za kizamani zinazojizalishia umeme wake zenyewe. Betri ikiisha, injini nayo ingenyamaza, na chini yetu palikuwa na miti na maziwa. Alichomoa kadi ndogo aliyoiandika mwenyewe gerejini, akazima vifaa kimoja baada ya kingine kwa mpangilio ulioandikwa, akabakiza vile vya lazima, kisha akageuza ndege kuelekea uwanja mdogo uliokuwa umbali wa robo saa. Tulitua salama. Kosa lilikuwa waya mmoja uliokatika nyuma ya altaneta. Jioni mkewe alipouliza safari ilikuwaje, alijibu kwamba ilikuwa nzuri, ila tulichelewa kidogo.

Jibu lile limekaa nami kwa miaka mingi. Onyo likifanya kazi yake vizuri, matokeo yake ni safari isiyo na habari. Hakuna wa kupongezwa wala wa kuokolewa. Jamii yoyote inayowapima watumishi wake kwa misiba waliyoizima mbele ya kamera haitamwona kamwe yule aliyewezesha msiba usitokee.

Naomba nisieleweke kwamba taa peke yake hutosha. Usiku wa tarehe 11 Oktoba 1983, ndege ya abiria ya Air Illinois iliondoka Springfield kwenda Carbondale, safari isiyofika saa moja. Mara baada ya kuruka, jenereta ya kushoto iliharibika, na rubani msaidizi akaitenga kimakosa ile ya kulia iliyokuwa nzima. Marubani walijua kwamba wanaruka kwa betri, na Springfield ilikuwa ingali jirani. Nahodha akaamua kuendelea na safari. Betri iliisha kabla hawajafika, ndege ikaanguka karibu na Pinckneyville, na watu wote 10 waliokuwemo wakapoteza maisha. Wachunguzi wa serikali waliutaja uamuzi huo wa kuendelea kuwa ndicho chanzo. Nahodha hakukosa taarifa. Alikosa uamuzi uliofanywa mapema, akiwa ametulia, kama ule ulioandikwa kwenye kadi ya mzee wangu.

Sasa tuzitazame taasisi zetu. Iko idara ya chuo ambayo walimu wake waandamizi wanastaafu na nafasi zao hazijazwi. Ratiba bado imejaa, mahafali bado yanafana, na vyeti bado vinatolewa. Uko mradi wa maji ambao fungu lake la matengenezo limehamishiwa kwenye posho. Bomba bado linatoa maji. Mtumishi akiandika dokezo kwamba chanzo kimekauka, mkubwa wake huangalia nje ya dirisha, akaona kila kitu kinafanya kazi, akamwita mzushi. Mkubwa huyo hasemi uongo. Kila kitu kinafanya kazi kweli, kama redio yetu ilivyokuwa ikifanya kazi juu ya miti ya Wisconsin. Kutokana na hilo, mtoa onyo wa mapema huonekana mkosaji kila mara: akisema leo, anakanushwa na hali iliyopo, akingoja hali imthibitishe, hakuna tena cha kuokoa.

Ndiyo maana sikubaliani na wenzangu wanaharakati wanaodhani tatizo letu ni uhaba wa takwimu. Mita tunazo nyingi, na ripoti zimejaa makabati. Tunachokosa ni mpaka uliokubaliwa hadharani kabla ya safari kuanza: walimu wakipungua chini ya idadi fulani, hatudahili, fedha za matengenezo zikiguswa, kikao kinaitishwa ndani ya siku kadhaa. Mpaka wa namna hiyo humwondolea mtumishi mdogo mzigo wa ushujaa. Haimlazimu kubishana na mkubwa wake kama hali ni mbaya au ni nzuri. Anasema tu kwamba tumeshuka chini ya 13, na kadi inasema tufanye nini.

Na kwa ninyi mnaokwenda kuajiriwa serikalini, nina ombi dogo. Siku yenu ya kwanza ofisini, ulizeni ni jambo gani hapo huwafanya watu watoe onyo, na mara ya mwisho onyo hilo lilitolewa lini. Mkijibiwa kwamba halijawahi kutolewa kwa sababu mambo ni mazuri, msifurahi haraka. Taa ya mzee wangu iliwaka kila asubuhi, na ndiyo maana aliiamini ilipozimika.