Mkiwa Wawili, Mwende Wapi?

Kila sikukuu ikikaribia, au mwezi ukiisha na mishahara imeingia, swali ni lile lile: safari hii tunakwenda wapi? Na jibu la wengi nalo ni lile lile: Zanzibar. Si kwamba wawili hao wamekaa chini wakazungumza, la hasha. Ni kwamba rafiki fulani alikwenda, picha zake zimezunguka kwenye simu za watu, na kila aliyeziona amesema "waoo!"

Zanzibar naipenda sana, na hapa chini nitaisifia. Lakini baada ya miaka kumi na moja ya ndoa, na kutembea kwingi kwa mabasi, boti na magari ya kuazima, nina msimamo mmoja ambao sijauacha: mahali pazuri kwa wawili ni pale panapolingana na hali mliyo nayo wakati huo. Wapenzi wanaojuana miezi mitatu hawahitaji kitu kile kile na mume na mke waliochoka na kazi, watoto na foleni za mjini. Kwa hiyo kabla hujauliza "hoteli gani?", jiulize kwanza "sisi tukoje sasa hivi?" Ukishapata jibu, hizi ndizo sehemu ninazowashauri rafiki zangu.

Ndio kwanza mnajuana: Bagamoyo

Safari ya kwanza pamoja ina presha yake. Hujui kama mwenzako ni mtu wa kuamka alfajiri au wa kulala mpaka saa nne. Hujui akikosa chai anakuwaje. Sasa ya nini kujifungia naye siku tano kwenye hoteli ya bei mbaya, halafu siku ya pili mmeishiwa maneno?

Anzeni na Bagamoyo. Kutoka Dar es Salaam ni kama kilomita 70, mnaondoka Jumamosi asubuhi na mkitaka mnarudi jioni. Mkiona mambo yanakwenda vizuri, hoteli za ufukweni zipo, na nyumba za wageni za bei ya kawaida zipo pia. Hamjajifunga.

Tena Bagamoyo ina vitu vya kuzungumzia. Kuna magofu ya Kaole, yenye msikiti na makaburi ya karne nyingi zilizopita. Kuna misheni ya Wakatoliki iliyoanzishwa mwaka 1868, na hapo ndipo mwili wa David Livingstone ulipofikishwa mwaka 1874, baada ya kubebwa kwa miguu na watu wake kutoka huko ndani ya bara. Kuna mji mkongwe wenye milango ya nakshi, na soko la samaki ambako pweza anakaangwa mbele ya macho yako. Mkitembea hivyo kutwa nzima utamjua mwenzako kuliko mngekaa meza moja usiku kucha mnaangaliana. Utaona anavyoongea na muuza samaki, anavyomsalimia mzee anayewatembeza, na jua likiwa kali utaona uvumilivu wake unaishia wapi. Hayo ndiyo mambo ya kuyajua mapema.

Mmechoka, au mmenyamaziana: Lushoto

Hapa naomba niwe mkweli kidogo. Kuna mwaka mume wangu alipunguzwa kazini. Miezi sita ilipita yuko nyumbani, mimi naondoka alfajiri, narudi usiku. Hatukuwa tunagombana. Ingekuwa heri tungegombana! Tulikuwa tunasalimiana tu. "Habari za kazi?" "Nzuri." "Watoto wamekula?" "Wamekula." Basi, taa inazimwa.

Dada yangu ndiye aliyesema atakaa na watoto siku tatu ili sisi tuondoke. Kuna watakaoshangaa: mtu hana kazi, anakwenda kutembea? Lakini nauli za basi na chumba cha kawaida, kifungua kinywa humo humo, havikuzidi mchango wa harusi moja tuliokuwa tumeombwa mwezi ule. Tukachagua Lushoto kwa sababu ni mbali na watu tunaowajua na haina mambo mengi.

Kutoka Dar ni safari ya saa sita, saba au zaidi kwa basi. Mkifika Mombo mnaiacha barabara kuu ya Arusha na kuanza kupanda milima ya Usambara, kilomita 30 na ushee za kona baada ya kona, korongo upande mmoja na mwamba upande wa pili. Joto mnaliacha chini. Mwezi wa sita na wa saba huko ni baridi ya kweli, beba sweta na usitegemee kujistiri na khanga. Wajerumani walipaita Wilhelmstal na wakapafanya mahali pa kukimbilia joto la pwani. Sisi tulikimbilia mengine.

Mama mwenye nyumba ya wageni alitupokea mwenyewe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu. Mmekuja kutembea au kupumzika?"

Mume wangu akajibu, "Kupumzika, mama." Nadhani ndiyo sentensi yake ya kwanza ya dhati niliyoisikia kwa wiki kadhaa.

Kesho yake tukatembea kwa miguu kwenda Irente. Njia inapita kwenye mashamba ya kabichi na karoti, watoto wanawasalimia, na kwa miaka mingi shamba la Irente limejulikana kwa jibini, mkate na jemu zinazotengenezwa hapo hapo. Mwisho wa njia kuna ukingo wa mwamba, na chini yake tambarare yote ya Mombo na Mazinde imetandazwa, barabara inaonekana kama uzi. Tulikaa pale muda mrefu. Ndipo aliponiambia kwamba ada ya watoto ya muhula ule aliikopa kwa rafiki yake, na kwamba kila simu ikiita alikuwa anatoka nje kwa sababu hiyo. Mimi nilikuwa nimeshaanza kuwaza mambo mengine kabisa kuhusu hizo simu.

"Baba Amani, ungeniambia tu," nikamwambia.

"Ningekuambiaje, Mama Amani, na wewe ndiye unayetulisha wote?"

Safari ile haikumpa kazi. Deni lenyewe tulilimaliza baada ya karibu mwaka mzima. Lakini tulilimaliza wawili. Ndiyo maana mtu akiniambia yeye na mwenzake wamenyamaziana, simpeleki kwenye hoteli yenye disko na bwawa. Huko mtapata pa kujificha. Namwambia aende mahali penye njia ndefu za kutembea, chakula cha kawaida na usiku wa baridi. Kwa malazi Lushoto kuna nyumba za wageni mjini, nyumba za mashirika ya dini ambazo ni safi na tulivu, na hoteli zenye bustani nje kidogo ya mji. Ulizia mapema kama maji ya moto yapo kweli. Kule si anasa.

Mna la kusherehekea: Zanzibar

Mmepata kazi, mmetimiza miaka mitano, au ndiyo fungate yenyewe? Haya, sasa pandeni boti. Kutoka Dar ni kama saa mbili. Ila msiikimbilie fukwe moja kwa moja. Laleni angalau usiku mmoja Mji Mkongwe, ambao uliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000. Kaeni kwenye nyumba ya zamani iliyogeuzwa hoteli, yenye kitanda cha Kizanzibari na baraza ya juu. Jioni tembeeni vichochoroni mpaka mpotee, halafu tokeeni Forodhani mle mishikaki na urojo mkiwa mmesimama. Hapo hapahitaji nguo za gharama.

Kuhusu fukwe, kuna jambo ambalo picha hazisemi: maji. Upande wa mashariki, yaani Paje, Bwejuu na Jambiani, bahari ikipwa inarudi nyuma mbali sana. Kama ndoto yenu ni kuogelea saa yoyote, mtakaa mnaisubiri bahari. Lakini kama mnapenda kutembea juu ya mchanga mweupe na kuona akina mama wakihudumia mashamba ya mwani, hakuna panapozidi pale. Kaskazini, Nungwi na Kendwa, maji hayaendi mbali, mnaogelea karibu saa zote na Kendwa jua linazama baharini mbele yenu. Bei yake na watu wake ni wengi pia, jiandaeni.

Msisahau kuwa mko kwenye visiwa vya Waislamu. Nguo za kuogelea ni za ufukweni, mjini na vijijini jisitirini. Mwezi wa Ramadhani msile wala kunywa barabarani mchana. Na msishikane-shikane mbele za watu, mwenye haraka asubiri chumbani!

Mmezoeana mno: Mikumi au Kilwa

Kuna wawili ambao hawana ugomvi wala sherehe. Wamezoeana tu, kila mmoja anajua mwenzake atasema nini kabla hajasema. Hao wanahitaji kushangaa pamoja.

Mikumi sasa imekuwa rahisi. Tangu treni ya mwendokasi ianze mwaka 2024, kutoka Dar hadi Morogoro ni chini ya saa mbili, na kutoka hapo mnaendelea kwa gari. Barabara kuu inapita katikati ya hifadhi kwa kilomita 50, kwa hiyo hata ndani ya basi mnaweza kuona twiga na tembo, lakini msiishie dirishani. Kodini gari na mwongozaji, gharama mgawane na wawili wengine. Raia tunalipa kiingilio kwa shilingi, sehemu ndogo sana ya anacholipa mgeni. Kulala mji mdogo wa Mikumi, nje ya hifadhi, ni nafuu kuliko kambi za ndani.

Kilwa ni kwa wenye moyo wa safari ndefu, kama kilomita 300 kusini mwa Dar. Mnalala Kilwa Masoko, mnachukua kibali, mnavuka kwa mashua hadi Kilwa Kisiwani. Hapo upo msikiti mkuu wa matumbawe na jumba la Husuni Kubwa, mabaki ya mji ambao Ibn Battuta aliufikia mwaka 1331 na kuusifia. Mji huo ulitengeneza sarafu zake wenyewe. Siku tuliyokwenda, mume wangu, mtu asiyependa historia hata kidogo, aliuliza maswali mpaka nahodha akatukumbusha kuwa maji yanaondoka. Angalizo moja: wakati wa masika ulizeni kwanza hali ya barabara. Mei 2024, kipindi cha kimbunga Hidaya, mvua ziliikata barabara ya kusini na magari yakakwama.

Kabla hamjafunga begi

*Zungumzeni pesa nyumbani.* Nani analipa nini, na mwisho wenu ni shilingi ngapi? Kumwachia mwanaume mmoja bili zote halafu kumnunia akiagiza soda badala ya mvinyo si mapenzi. Tengeni pia akiba kidogo ambayo haiguswi mpaka mmerudi.

*Ulizeni bei ya mwananchi.* Bebeni vitambulisho. Tangu Machi 2025 kanuni za serikali zinakataza kutangaza bei au kulipisha kwa fedha za kigeni huduma za hapa nchini, ukiacha misamaha iliyotajwa humo. Mkitajiwa dola, ulizeni kwa upole ni shilingi ngapi. Si kuomba, ni haki yenu.

*Msione aibu kuwa wageni kwenu.* Kwenye hoteli moja ya ufukweni, jina nalihifadhi, mlinzi alitusimamisha getini akauliza, "Mmeleta wageni?" Mume wangu akamjibu, "Kaka, wageni ndio sisi." Kijana aliona haya, na kusema kweli sikumlaumu sana. Anafungulia geti watu wa mbali kutwa nzima, sisi wenyewe hatuendi. Tukizoea kwenda, watatuzoea.

*Angalieni msimu.* Kuanzia Machi mwishoni hadi Mei mvua ni nyingi pwani na hoteli kadhaa za fukwe hufunga. Zinazobaki wazi hushusha bei, na chumba chenye mvua juu ya makuti kina raha yake kwa wapendanao. Desemba mwishoni na Agosti bei hupanda.

*Simu ziwe na saa zake.* Pigeni picha, kisha zirudi mfukoni. Mkikaa mezani kila mmoja na skrini yake, mngebaki nyumbani, umeme ni ule ule.

Sasa mwenzako akirudi jioni ya leo, usimwonyeshe picha ya hoteli. Mpe chai kwanza, akishatulia muulize amechokaje na anatamani nini. Jibu lake ndilo litakalowaambia mkate tiketi ya boti, ya treni, au ya basi la Lushoto. Safari njema!