Meza ya Zege na Tone la Ndimu

Mchwa wa Garissa hawana subira. Walikuwa wamekwisha kuila meza ya tatu ya mbao katika kibanda cha mama mmoja auzaye chai na maziwa ya ngamia, ndipo mwanawe, mwanafunzi wa chuo kikuu aliyekuwa likizoni, alipoazimia kumjengea meza ya zege. Mbuzi wawili wakauzwa. Mchanga ukaletwa kutoka kingo za Mto Tana, ukachanganywa na saruji na kokoto, na siku ya sita baada ya kumimina zege kijana akalipaka vanishi. Meza ikang'aa kama kioo. Majirani wakaja kuistaajabia.

Mng'ao ule haukumaliza mwezi. Vanishi ilifura malengelenge, ikabanduka, na asubuhi moja kipande chake kikaonekana kikielea ndani ya maziwa. Mama hakusema neno. Aliyamwaga maziwa yote ya siku ile, riziki ya nyumba nzima, mbele ya wateja wake.

Kosa lilikuwa wapi? Zege, hata likikauka usoni, huhifadhi unyevu ndani. Mafundi hulimwagilia maji na kulifunika ili ligande barabara, na kwa kawaida nguvu yake hupimwa baada ya siku 28. Kipako kikiwahishwa, unyevu utafutao njia ya kutoka hukisukuma. Ama kweli, haraka haraka haina baraka.

Kijana aliikwangua meza, akarejea dukani na swali jipya. Hakuuliza tena kipi king'aacho zaidi, bali kipi kifaacho. Vipako ni vya aina mbili. Vipo vitandavyo juu kama ngozi, mathalani akriliki na epoksi. Hivi huzuia madoa, lakini hukwaruzwa na kisu na huweza kulainika kwa joto la sufuria. Vipo pia vipenyavyo vinyweleoni. Hivi huzuia maji kufyonzwa bila kubadili sura ya zege, ila haviikingi saruji na ukali wa ndimu. Nta ya nyuki nayo haina madhara kwa chakula, lakini huyeyuka kwa nyuzi 60 na kitu tu.

Safari hii hakuamua peke yake. Alipaka vipande vitatu vya zege, akaviweka mbele ya mama. Mama akadondosha mafuta, chai na ndimu, kisha akatua sufuria ya moto. Nta ikayeyuka. Akriliki ikanata. Kipande cha kipako kipenyacho kikabaki na doa jeupe la ndimu tu.

"Hooyo," mama akamwita mwanawe kwa jina lile lile analoitwa yeye, kama ilivyo ada ya akina mama wa Kisomali, "dhiil haifukizwi mara moja ikatosha."

Kijana alielewa. Chombo kile cha maziwa, kilichosukwa kwa nyuzi za mimea, hudumu kwa kufukizwa moshi tena na tena. Basi wakachagua kipako kipenyacho ambacho maelezo yake yaliruhusu kitumike mahali pa chakula, wakasubiri zege likauke, wakakipaka. Ndimu sasa hukatiwa juu ya kibao, na kila likizo kijana huipaka meza upya. Kile kipande chenye doa jeupe hakikutupwa. Mama hukitumia kuzuia mlango wa kibanda usifungwe na upepo.